Kilichofichwa Ili Kipatikane

Katika mafundisho ya ndoa tunayotoa parokiani kuna neno moja ambalo kila mchumba huondoka akilikumbuka, nalo ni kwamba mume na mke wasifichane kitu. Tunalisema kwa nguvu, wachumba wanatikisa vichwa kukubali, nasi tunaendelea na somo linalofuata. Lakini hebu tulitazame vizuri. Je, kila kinachofichwa ndani ya nyumba ni dhambi? Mama anayeweka kando shilingi mia mbili kila juma ili amnunulie bwana yake shati la Krismasi, naye amekosa? Muuguzi asiyemwambia mumewe ugonjwa wa jirani aliyemhudumia hospitalini, naye amevunja ahadi ya ndoa? Hapana mtu mwenye akili timamu atakayesema hivyo. Basi ikiwa kuna kuficha kunakokubalika na kuficha kunakoua ndoa, mpaka uko wapi?

Swali hili nimeletewa na dada mmoja anayesoma ukurasa huu kutoka mbali. Ni muuguzi. Alikwenda Uingereza baada ya makubaliano kuhusu wahudumu wa afya ambayo serikali yetu na ile ya Uingereza zilitia sahihi mwezi wa Julai 2021, na baadaye bwana yake na watoto wao wawili wakamfuata. Ameniruhusu nieleze habari yake bila jina wala mji. Bwana yake naye anajua kwamba ninaandika, na bila hivyo nisingeandika.

Bwana huyo alikuwa mwalimu huku nyumbani. Huko anapanga mizigo katika bohari, kazi ya usiku. Kwa miezi kadhaa alikuwa akiaga kila Jumamosi kwamba anakwenda kunyoosha miguu kando ya mto, katika bustani kubwa iliyo nje ya mji wao. Alikuwa akirudi baada ya saa tatu au nne, viatu vimejaa matope na uso umechangamka. Siku moja dada huyu, akipekua koti kabla ya kulifua, alitoa mfukoni vitu vitatu: gari dogo la plastiki la kuchezea mtoto, penseli fupi, na karatasi iliyokunjwa yenye namba nyingi na jina lisilo lake wala la mumewe. Msomaji, wewe ungefikiri nini? Yeye naye alifikiri hivyo hivyo. Gari la mtoto, lakini mtoto wa nani?

Alipomwuliza, bwana alicheka, kisha akaona haya, kisha akasema ni mchezo. Hutafuta makopo yaliyofichwa. Dada ananiuliza mambo mawili. La kwanza, inafaa baba wa watoto wawili, mwenye karo ya kulipa na wazazi wa kutunza huku nyumbani, apoteze Jumamosi akitafuta makopo? La pili ndilo lililomwuma: ikiwa ni mchezo tu, kwa nini alinificha?

Tuanze na mchezo wenyewe, maana hatuwezi kuhukumu tusilolijua. Unaitwa jiokashi. Hadi mwaka 2000 serikali ya Marekani ilikuwa ikivuruga kwa makusudi mawimbi ya setilaiti zake zinazoonyesha mahali mtu alipo, ili raia wasipate usahihi uliopatikana jeshini. Kifaa cha raia kingeweza kukosea kwa kiasi cha mita mia moja. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Mei mwaka huo uvurugaji ukakomeshwa. Tarehe 3 Mei mtu mmoja, Dave Ulmer, alikwenda msituni karibu na Beavercreek, katika jimbo la Oregon, akaficha ndoo nyeusi yenye daftari, penseli, vitabu, kanda za video, kopo la maharagwe na vikorokoro vingine. Kisha akatangaza namba za latitudo na longitudo za mahali pale, ili atakaye akatafute. Katika siku chache tu watu wawili walikuwa wameifikia ndoo. Leo makopo ya namna hiyo yanazidi milioni tatu duniani, na hata hapa Kenya yapo.

Kwa Waingereza jambo hili halikuwa geni kabisa. Katika nyika yao ya Dartmoor, mwaka 1854, mwongozaji wa wageni aliyeitwa James Perrott aliweka chupa mahali panapoitwa Cranmere Pool, na waliofika huko wakiwa hoi kwa kutembea waliacha ndani yake kadi zenye majina yao. Desturi hiyo ya kuficha visanduku nyikani haijafa mpaka sasa.

Halafu wanazo hizo bustani zao za mashambani. Usifikirie mbuga kama Tsavo. Hakuna simba wala ndovu. Sheria ya mwaka 1968 iliyapa mabaraza ya serikali za mitaa uwezo wa kutenga ardhi karibu na miji ili watu wa kawaida wapate pa kutembea na watoto wao. Chukua mfano wa Etherow, karibu na mji wa Stockport, ambayo ni mojawapo ya bustani za kwanza kabisa za aina hiyo. Zamani mahali pale palitumika na kiwanda cha pamba cha kijiji cha Compstall. Bwawa lililotunza maji ya kiwanda limebaki kuwa la bata, na kando yake mto Etherow unateremka kwenda kuungana na mto Goyt. Goyt nao ukikutana na Tame huko Stockport unazaliwa mto Mersey, ule unaoingia baharini Liverpool. Mahali pa namna hiyo pana mizizi ya miti iliyoachwa wazi na maji, kuta za mawe zenye nyufa, na madaraja ya miguu. Anayetaka kuficha kopo hakosi pa kulificha.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo penye somo. Mwenye kopo haruhusiwi kuficha ovyo. Yapasa awe na ruhusa ya mwenye ardhi. Haruhusiwi kuchimba shimo na kulifukia. Haweki chakula, kwa sababu wanyama watalivunja, wala haweki kisu au pombe. Haliweki kwenye umbali wa chini ya mita 161 kutoka kwa kopo la mwenzake. Baada ya kulificha hutangaza namba za mahali lilipo. Hueleza ugumu wa kulipata, kutoka 1 hadi 5, na ugumu wa njia vivyo hivyo. Mara nyingi huongeza fumbo la kumsaidia anayekaribia kukata tamaa. Simu humfikisha mtafutaji karibu tu, na mita chache za mwisho ni za macho yake na mikono yake. Akilipata huandika katika daftari lililomo tarehe na jina lake la mchezo, maana karibu kila mchezaji ana jina la kujibandika. Akichukua kitu, huacha kingine chenye thamani ileile au zaidi. Kisha hulirudisha pale pale alipolitoa, akiangalia wapita njia wasimwone.

Basi gari la plastiki limeelezeka, na penseli, na namba. Lile jina lililomkosesha dada yetu usingizi lilikuwa la mumewe mwenyewe.

Je, mtu mzima acheze? Wazee wetu wengi watasema mchezo ni wa watoto na wa matajiri. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, mwalimu mkuu wa Kanisa aliyeishi katika karne ya 13, hakusema hivyo. Alifundisha kwamba akili huchoka kama mwili unavyochoka, na pumziko lake ni mchezo na furaha. Anasimulia habari za Mtakatifu Yohane Mwinjili, ambaye watu walikwazika walipomkuta akicheza na wanafunzi wake. Yohane alimwambia mmoja wao aliyekuwa na upinde apige mshale, kisha mwingine, kisha mwingine tena. Akamwuliza kama angeweza kuendelea hivyo bila kukoma. Yule mtu akajibu kwamba upinde ungevunjika. Tomaso anaweka masharti: mchezo usiwe na uchafu wala madhara, usimwondolee mtu utulivu wa akili, na ulingane na wakati na hali ya mtu. Anaongeza jambo ambalo sisi Waafrika wakali tungelisikia: mtu asiyecheka kamwe, na anayeharibu furaha ya wengine, naye ana kosa.

Kwa kipimo hicho simwoni bwana huyu kuwa mkosaji. Simu alikuwa nayo. Mto ni wa bure. Karo haiongezeki kwa yeye kubaki nyumbani akitazama dari. Nawajua wanaume wa huku ambao Jumamosi yao humezwa na kamari za simu, nao hawarudi hata na gari la plastiki. Lakini sharti la wakati linamhusu. Ikiwa mkewe ametoka zamu ya usiku Jumamosi hiyo, na watoto wanahitaji mtu, basi mto ungojee au watoto waende mtoni. Hilo ni la kupanga wao wawili, halihitaji katekista.

Nirudi kwenye kuficha. Uliyecheza brikicho utotoni wakumbuka kile kichekesho cha mtoto aliyejificha vizuri mno. Wenzake walimtafuta, wakachoka, wakaitwa kwao kula, naye akabaki nyuma ya ghala mpaka giza likaingia. Alipotoka alikuwa analia. Kwa nini alie, na ameshinda? Kwa sababu hakujificha ili asionekane. Alijificha ili atafutwe na apatikane.

Hiyo ndiyo tofauti niliyokuwa nikiitafuta. Kuna kitu kinachofichwa ili kipatikane, na kuna kitu kinachofichwa ili kisipatikane kamwe. Kwa nje vyote viwili vinafanana. Kopo lililo chini ya mzizi na pesa zilizo chini ya godoro hufichwa kwa mikono ile ile. Lakini mwenye kopo ametangaza mahali, amekiri ugumu, ametoa fumbo, ameweka daftari, na siku likipatikana anafurahi. Shati la Krismasi liko hivyo. Lina tarehe yake ya kufunuliwa. Siri ya mgonjwa nayo haifichiki isivyo halali, maana mume alipooa muuguzi alijua kwamba hospitalini kuna mambo yasiyokuja nyumbani. Hajui yaliyomo, lakini anajua kwamba mlango huo upo na kwa nini umefungwa.

Sasa pima ile nyingine. Mume ana mtoto nje na amewakataza ndugu zake wasiseme. Mke amepimwa akaambiwa jambo zito, na cheti amekichoma. Mtu ana deni la sacco ambalo mwenzake atalijua siku ya kuuzwa kwa ng'ombe. Hapo hakuna namba iliyotangazwa wala fumbo lililotolewa. Mwenye siri hungoja kwa hofu, si kwa furaha, na kila mtu anayekaribia mahali pale hufukuzwa kwa ukali. Kanisa halilichukulii jambo hili kwa wepesi. Kanuni ya 1098 ya Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inasema kwamba aliyeingia katika ndoa kwa kudanganywa kwa makusudi, ili akubali, kuhusu sifa ya mwenzake ambayo kwa asili yake yaweza kuvuruga vibaya maisha ya pamoja, hakufunga ndoa halali. Kumficha mchumba utasa unaojulikana ni mfano mmoja. Wachumba wanaosoma haya wasingojee altare.

Hata kuficha kusiko na ubaya kunaweza kuleta madhara pale mmoja asipojua kwamba kuna mchezo. Mwezi wa Julai 2011, katika mji wa Wetherby huko Uingereza, mtu alionekana akiweka kitu kidogo barabarani, nje ya mkahawa. Mitaa ikafungwa, wataalamu wa mabomu wa jeshi wakaitwa, na kile kitu kikalipuliwa. Kilikuwa kijisanduku cha jiokashi. Aliyekiweka hakumtakia mtu yeyote mabaya, na waliokilipua hawakuwa wajinga. Hawakuambiwa, basi. Dada yetu na lile koti ndivyo walivyokuwa. Alilipua kwa sababu hakuambiwa.

Kwa nini hakuambiwa? Bwana alimweleza mkewe baadaye, naye akaniandikia. Huku nyumbani kila mtu njiani alimwita mwalimu, hata wale aliowachapa. Kule bohari hana jina, ana namba ya zamu. Mshahara wa mkewe unauzidi wake, na watoto wameshalijua hilo. Kando ya mto alipata kitu ambacho akikitafuta anakipata, na katika daftari la kopo anaandika kwamba alifika. Aliona haya kumwambia mkewe kwamba hilo limekuwa furaha yake kubwa ya juma. Alidhani atachekwa.

Msomaji wa kiume, usijifanye humwelewi. Haya ya mwanamume aliyeshushwa hadhi ni kubwa kuliko anavyosema. Hata hivyo nasema alikosa, ingawa kosa lake ni dogo. Kumwambia mke unanyoosha miguu wakati unafanya jambo jingine ni uongo, na uongo mdogo humzoesha mke kutoamini hata ukweli. Angesema tu, kuna mchezo nimeupata, ni wa kitoto lakini naupenda. Maneno hayo yanamgharimu mwanamume, lakini ndiyo namba za kopo lake.

Na je, alichekwa? Alichekwa sana. Dada huyu, baada ya kutulia moyo, alipiga picha ya lile gari la plastiki akaituma katika kundi la simu la dada zake, pamoja na maelezo. Kwa siku mbili walimcheka shemeji yao kutoka Kisumu hadi Mombasa. Dada hakuliona jambo hili kuwa zito. Alilitaja katika barua kwa mstari mmoja, tena kwa mzaha. Mimi naliona zito kuliko lile la mume.

Kumbuka sheria ya mchezo: ukilipata kopo, liandikie, kisha lirudishe mahali pake kama lilivyokuwa. Hulibebi sokoni. Katika Injili ya Mathayo, sura ya 13, yumo yule mtu aliyepata hazina shambani. Tunahubiri sana kwamba aliuza vyote akalinunua shamba. Mara chache tunahubiri alichofanya kabla ya hapo: aliificha tena. Hakuwaita majirani waje waione. Katika miaka ya ndoa utapata mengi kwa mwenzako. Utajua anachokiogopa usiku, utajua aliponyimwa nini utotoni, utajua kwamba mtu mzima yule anafurahia makopo. Ukivipata, virudishe mahali pake. Kuna mama ambaye mumewe hawezi kutembea sokoni bila kucheka kufuata nyuma yake, kwa sababu ya maneno yaliyotoka chamani. Kuna mume anayesimulia ya chumbani mwake kwenye meza ya pombe. Hao hawakuficha chochote, wakaziharibu ndoa zao kwa kutokuficha.

Sasa nafika mahali pagumu. Mwisho wa barua yake, baada ya salamu, dada aliongeza maneno haya ambayo nayaeleza kwa kifupi. Tangu mwaka 2023 amekuwa akimtumia kaka yake pesa za kulipia ploti Kitengela. Ploti imeandikwa kwa jina la kaka. Mume hajui. Anasema ni zawadi, atamshtukiza siku watakaporudi. Ananiuliza kama hiyo si sawa na shati la Krismasi.

Nilimjibu kwa faragha, naye akakubali niseme hapa nilichomjibu. Nilimwuliza maswali matatu. Bwana yako akiikuta risiti ya ploti hiyo leo jioni, utafurahi kwamba zawadi imejulikana mapema, au utatafuta la kusema? Zawadi hiyo ina tarehe, au itafunuliwa siku utakapoona inafaa? Na la tatu, Mungu apishe mbali, ukifa leo usiku, nani atamwambia? Mwenye kopo akifa, kopo lake bado lapatikana, maana namba zilikwisha kutangazwa. Ploti yako ikibaki mikononi mwa kaka, watoto wako watakuwa wapangaji juu ya jasho la mama yao. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 ina kinga kwa mume au mke pale mali iliyopatikana katika ndoa imeandikwa kwa jina la mmoja wao. Iliyoandikwa kwa jina la kaka ni kesi nyingine, tena kesi ndefu.

Simtuhumu kaka yake. Wengine wamejenga nyumba za dada zao mpaka bati la mwisho, wakakabidhi ufunguo. Lakini wewe na mimi tumehudhuria matanga ambapo vita vya shamba vilianza kabla udongo haujakauka kaburini.

Najua pia yupo mama anayesoma haya akiwa ameshika tama. Bwana yake anakunywa. Karo ikionekana mezani asubuhi, jioni imekwisha. Mama huyo huilipa shuleni moja kwa moja na kumwambia bwana hana kitu. Je, naye amekosa kama yule wa ploti? Siwezi kusema hivyo. Yeye anaificha pesa kutoka kwa pombe, na pombe haikufunga naye ndoa. Ningemshauri mambo mawili tu. Atunze kila risiti ya shule, na wasimamizi wao wa ndoa, au mtu mwingine mwaminifu, wajue. Siku bwana atakapoamka akiwa mtu, aonyeshwe risiti zote moja baada ya nyingine, aone kwamba nyumba yake ilikuwa inalindwa hata dhidi yake. Hiyo ni siri yenye daftari ndani. Na mama anayepigwa, akificha nauli ya kukimbilia kwa watu wake pamoja na watoto, huyo simwekei sharti lolote.

Kuna desturi moja zaidi ya wachezaji hawa niliyoipenda. Mtu akitafuta kopo asilione, haondoki kimya. Huandika wazi kwamba alitafuta na hakuona. Mwenye kopo akiona wengi hawakuona, huenda mwenyewe kukagua: labda mvua imelichukua, labda mtoto amelitoa. Nadhani nyumba nyingi zinakosa maneno hayo. Mke hukaa miaka kumi akimtafuta mume aliyemwoa, asimwone, asiseme. Mume huamua kwamba mkewe amebadilika, akaacha kutafuta, na hakuna aliyemjulisha mwenziwe kwamba aende kukagua. Marehemu Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake wa mwaka 2016 juu ya upendo katika familia, alikumbusha kwamba upendo unahitaji muda na nafasi. Watu wa zamu za usiku wanaopishana mlangoni wanalijua hilo kuliko sisi.

Wengi mtataka kujua yaliyofuata. Dada alimwambia bwana yake habari ya ploti jioni moja watoto walipolala. Bwana hakugomba. Alikaa siku mbili bila kusema mengi, kisha akauliza swali moja tu, kwa nini si kwa majina yetu. Dada hakuwa na jibu, akasema hivyo. Alifuta ile picha katika kundi la dada zake na kuwaomba wasiirudie. Wamemwandikia kaka kwa pamoja, wakimwomba ahamishe ploti iandikwe kwa majina ya wote wawili, na gharama watalipa wao. Mpaka ninapoandika haya kaka hajajibu. Jumamosi iliyopita walikwenda mtoni wote wanne, watoto wakiwa na viatu vya mpira kwa sababu ya matope. Walitafuta kopo moja karibu na daraja kwa zaidi ya saa nzima, hawakulipata, wakaandika kwamba hawakuliona.